Stanley Namba 4 ya Zamani: Tathmini ya Randa Iliyonifanya Mkusanyaji wa Zana

Randa ninayoitathmini hapa ni Stanley namba 4 ya mfumo wa Bailey, randa ya kulainishia yenye urefu wa inchi 9 hivi na kisu chenye upana wa inchi 2, ambayo ina zaidi ya miaka mia moja na bado inafanya kazi karibu kila ninaposimama mbele ya meza yangu ya useremala. Umri wake unasomeka mwilini mwake. Nyuma ya kiti cha kisu kuna tarehe tatu za hataza katika herufi zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe, mbili za mwaka 1902 na moja ya mwaka 1910, na kwa mujibu wa wale waliojifunza historia ya randa hizi, tarehe tatu za namna hiyo zilitumika kati ya mwaka 1910 na 1918 hivi. Nimeitumia kwa miaka sita. Nafanya useremala kwa mapenzi, jioni na siku za mapumziko, wala si kazi inayonilisha, na ni vyema msomaji akalizingatia hilo anapoupima uamuzi wangu.

Kabla ya hii nilikuwa na randa mpya iliyonunuliwa ikiwa bado ndani ya boksi lake, inang'aa, na iliyoniumiza moyo kwa mwaka mzima. Ilirukaruka juu ya mbao na kuacha mistari kama mikwaruzo ya kucha, na kila baada ya misukumo mitatu au minne kisu kilihama kikaanza kuchimba upande mmoja. Nililaumu mikono yangu. Niliamini kwamba kupiga randa ni kipaji ambacho sikujaliwa, nikawa namalizia kila kitu kwa msasa, nikivuta vumbi puani na kuharibu kingo nilizotaka zibaki kali. Hali hiyo iliendelea mpaka mzee mmoja aliyekuwa amestaafu useremala aliponiuzia sanduku la zana zake. Ndani yake, chini ya tupa zilizochakaa na kekee ya mkono, ilikuwamo hii namba 4, imeiva kutu, mpini wake umevunjika shingoni na kisu chake kimepigwa pengo. Alipoona naitazama kwa mashaka aliniambia, "Mwanangu, randa haitaki nguvu, inataka makali," kisha akaendelea kufunga sanduku kwa kamba. Sikuelewa siku ile alimaanisha nini, kwa maana nilikuwa sijawahi kuona kisu cha randa kilichonolewa ipasavyo.

Ili mtu aelewe kwa nini randa yenye umri huo inaweza kurudi kazini, hana budi kwanza aelewe ilivyoundwa. Randa za mbao zilizotangulia zilishikilia kisu kwa kabari, na fundi alirekebisha kina cha kukata kwa kugonga kwa nyundo ndogo, akigonga kisu ili kishuke na kugonga mwili wa randa ili kipande. Njia hiyo inafanya kazi vizuri sana mikononi mwa aliyeizoea, lakini kuizoea kunachukua muda. Leonard Bailey, mvumbuzi wa Marekani, alipata hataza kadhaa katika miaka ya 1850 na 1860 kwa randa za chuma ambazo kisu chake hushushwa na kupandishwa kwa kuzungusha kigurudumu kidogo cha shaba kilicho mbele ya mpini, na hubanwa kwa kifuniko chenye wenzo unaofunguka kwa kidole gumba bila bisibisi. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley Rule and Level ya New Britain, Connecticut, ilinunua biashara na hataza zake, na tangu hapo muundo huo umeigwa na karibu kila mtengenezaji wa randa za chuma duniani. Baadaye ukaongezwa wenzo mdogo nyuma ya kisu wa kukiweka sawa kulia na kushoto. Randa yangu inavyo vyote hivyo, na inayo pia skrubu ya nyuma ya kusogeza kiti cha kisu mbele na nyuma.

Nimeiita sehemu ile kiti cha kisu kwa sababu kisu hukaa juu yake kikiwa kimelala nyuzi 45. Ndicho kiungo ninachokithamini kuliko vyote. Nilipokifungua kwa mara ya kwanza nikakuta uso wake umesawazishwa kwa mashine, na chini yake mwilini kuna nyuso mbili pana zilizosawazishwa vivyo hivyo ili zikutane bila kutikisika. Nikaenda kuitazama ile randa yangu mpya. Kiti chake kilikuwa kimepakwa rangi nene hata pale ambapo chuma kilipaswa kugusana na chuma, kwa hiyo kisu kilikuwa kimekaa juu ya vibonge vya rangi, na hakuna nguvu ya mikono ambayo ingekizuia kisitetemeke. Nilikaa muda mrefu nimeshika vipande viwili, kimoja kila mkono. Mwaka mzima wa kujilaumu ulikuwa na sababu ambayo ningeweza kuigusa kwa kidole, na nadhani mapenzi yangu kwa zana za zamani yalianza palepale, kwa kuona kwamba ubaya wa zana na uzuri wake ni vitu vinavyoonekana na kupimika.

Kuifufua kulinichukua wiki mbili za jioni. Kutu ya juujuu niliitoa kwa siki ya kawaida ya jikoni, kwa kuloweka sehemu ndogo ndogo usiku kucha na kuzisugua asubuhi kwa brashi ya shaba, kisha kuzisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, na kuzikausha na kuzipaka mafuta papo hapo, kwa maana chuma kilichotoka kwenye siki hushika kutu mpya ndani ya dakika chache. Bamba la juu la kisu, lile la kuvunjia maranda, nililisahau humo kwa siku mbili, likatoka la kijivu na lenye uso wa kukwaruza, na mpaka leo lina alama hiyo. Saa kumi na mbili hadi ishirini na nne zinatosha. Kwa sehemu zenye kutu nzito nilitumia njia ya umeme: beseni la plastiki lenye maji na magadi, chaja ya betri ya volti 12, zana ikiwa kwenye upande hasi na kipande cha chuma cha kawaida kwenye upande chanya. Njia hiyo haili chuma kilicho chini ya kutu, nayo ni salama ikifanywa mahali penye hewa, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni. Kipande cha upande chanya kisiwe kamwe chuma kisichoshika kutu, kile cha vijiko na sufuria, maana hicho huachia majini kromiamu ya sumu kali.

Wayo wa randa, yaani uso wake wa chini unaoteleza juu ya mbao, niliusawazisha kwa msasa namba 80 uliogundishwa juu ya kioo kinene, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kisu na kifuniko lazima viwe vimefungwa kama wakati wa kazi, kisu kikiwa kimerudishwa ndani ya mdomo, kwa kuwa mkazo wa kifuniko hupinda mwili kidogo, na wayo uliosawazishwa randa ikiwa tupu hautakuwa sawa tena pindi itakapofungwa. Nilichora mistari ya kalamu ya wino wayo mzima na kuangalia inavyofutika. Si lazima ifutike yote. Sehemu tatu zinazotawala kazi ni ukingo wa mbele, ukanda ulio mbele tu ya mdomo, na kisigino, na zikiwa kwenye mstari mmoja, bonde lililobaki katikati halidhuru kitu. Rangi nyeusi ya asili ya mwilini, ambayo ni aina ya lami iliyokaushwa kwa moto, niliiacha kama ilivyo, hata palipobanduka.

Kisu ndicho kilichonifundisha zaidi. Uso wa nyuma, ule usio na mshazari, ulikuwa na vishimo vya kutu, na nilitumia jioni tatu kuusugua hadi milimita kadhaa za karibu na makali zikang'aa bila doa, kwa sababu makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana na ukiinoa moja tu hupati makali. Mshazari niliufanyia nyuzi 25 kwa kinoo cha namba 1000, kisha nikaongeza mshazari mwembamba wa nyuzi 30 kwa kinoo laini, nikisubiri kila mara ule utepe mwembamba wa chuma unaokunjikia nyuma ujitokeze ndipo niuondoe. Nilipomaliza, ulionekana mstari hafifu ukikatiza mshazari: huku feleji ngumu yenye kukata, kule chuma laini kinachoibeba, viwili vilivyoungwa kwa moto kiwandani. Visu vingi vya zamani vilitengenezwa hivyo, na faida yake ni kwamba kinoo hufanya kazi upesi kwa sababu chuma kigumu kinachosuguliwa ni kidogo.

Kisha nikaijaribu. Nilichukua ubao wa msonobari, nikashusha kisu mpaka kikagusa tu, nikasukuma. Ulitoka uzi mmoja mrefu wa maranda, mwembamba kiasi cha kuonyesha kivuli cha vidole vyangu, ukajikunja juu ya mkono wangu bila kukatika tangu mwanzo wa ubao hadi mwisho, na sauti yake ilikuwa kama ya hariri inayochanwa polepole. Uso uliobaki nyuma ulikuwa unameta. Hakuna msasa unaofika hapo, kwani msasa hukwaruza nyuzi za mti na kujaza vumbi kwenye vinyweleo vyake, ilhali kisu huzikata na kuziacha wazi, na mwanga huingia kwenye mbao kana kwamba imelowa maji. Nilirudia ubao ule ule hadi ukawa mwembamba usiofaa kwa lolote.

Kwenye mbao ngumu zenye nyuzi zilizosokotana, kama mkangazi, randa hii inahitaji uangalifu zaidi lakini haishindwi. Siri iko kwenye lile bamba la juu la kisu. Likikaa nyuma ya makali kwa milimita moja hivi, randa hukata kwa wepesi lakini hung'oa nyuzi pale zinapobadili mwelekeo. Likisogezwa mpaka libaki kama sehemu mbili za kumi za milimita, huyavunja maranda kabla hayajapata nguvu ya kung'oa, na uso hutoka laini hata mahali penye fundo. Lazima bamba hilo likutane na kisu bila kuacha upenyo wowote wa mwanga, la sivyo maranda hupenya na kuziba mdomo. Nilihangaika na kuziba huko kwa mwezi mzima kabla ya kugundua kwamba ncha ya bamba ilikuwa na pengo la unene wa unywele.

Kasoro zake zipo, na nisingekuwa mkweli kama ningezificha. Kisu ni chembamba, milimita mbili hivi, na mbao ngumu sana zinaweza kukitetemesha makali yakiwa yameanza kufa. Kigurudumu cha shaba kina mchezo: huzunguka bure zaidi ya nusu duara kabla hakijashika, na mtumiaji lazima azoee kumalizia marekebisho yake kwa kushusha kisu daima, asimalizie kwa kukipandisha, vinginevyo kisu kitarudi nyuma katikati ya kazi. Kusogeza kiti cha kisu kunahitaji kuondoa kisu kwanza ili kuzifikia skrubu mbili zilizo chini yake, usumbufu ambao Stanley wenyewe waliutatua katika mfululizo wao mwingine wa Bed Rock. Na mpini ni mdogo kwa mkono mpana. Kidole cha shahada hakina nafasi ndani yake, hivyo hunyooshwa mbele kando ya kisu, na nimekuja kuona kwamba ndivyo ilivyo bora, maana kidole kilichonyooka huelekeza randa. Mpini wenyewe, uliotengenezwa kwa mti wa jenasi ya Dalbergia, ndugu wa damu wa mpingo, niliuunga kwa gundi, na mstari wa kovu lake hausikiki tena kwa kiganja.

Baada ya namba 4 nilikuwa na hamu ya kujua ni kipi kingine nilichokuwa nimekipita bila kukitazama. Ndani ya sanduku lile lile kulikuwa na msumeno wa Disston. Henry Disston alizaliwa Uingereza mwaka 1819 na kuanzisha kazi ya misumeno Philadelphia mwaka 1840, na misumeno ya kiwanda chake hutambulika umri kwa kifungo cha shaba kilicho kwenye mpini, ambacho maandishi yake yalibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Bapa la msumeno wangu ni jembamba mgongoni kuliko kwenye meno, hivyo haubanwi ndani ya mkato hata meno yake yakiwa yamepindwa kidogo tu. Nilijifunza kuunoa kwa tupa ya pembetatu, jino kwa jino, meno manane kwa kila inchi, na mkato wake leo hauhitaji kusafishwa sana.

Zikafuata patasi zilizopigwa mhuri wa "Cast Steel." Mwanzoni niliziepuka, nikidhani maneno hayo yana maana ya chuma cha kusubu, kile kinachovunjika kikianguka sakafuni. Kumbe yana maana ya feleji iliyoyeyushwa ndani ya chungu, njia aliyoibuni Benjamin Huntsman, fundi wa saa, karibu na Sheffield katika miaka ya 1740, alipokuwa akitafuta feleji iliyo sawa kote kwa ajili ya springi za saa zake. Patasi hizo hushika makali ambayo seti yangu mpya haijawahi kuyafikia. Na ipo randa moja ya mbao, ya kabari, ambayo siitumii mara nyingi lakini naishika kila wiki: kwenye pua yake yamepigwa mihuri majina ya wamiliki watatu, moja chini ya jingine, na la juu limesuguliwa na mikono hadi herufi zake husomeka kwa ncha ya kidole kuliko kwa jicho.

Sijakusanya vitu vya kuweka kabatini. Najua wapo wanaozitafuta namba 1 na namba 2, randa ndogo mno zilizo adimu, na sina ugomvi nao, lakini kwangu zana isiyokata haijakamilika. Kila kilichoingia katika chumba changu kimenolewa na kutumika kwenye mbao walau mara moja, na kilichoshindwa kufufuka kimekuwa chanzo cha vipuri.

Anayetaka kununua namba 4 ya zamani aanze kwa kutazama mdomo na mashavu. Aining'inize kwa kidole na kuigonga kidogo kwa kitu cha mbao: chuma kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Ufa unaokatiza mdomo ni wa kukataliwa hata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa la kuvunda halina ubani. Atazame skrubu zote zimo, sababu Stanley walitumia hesi zao wenyewe ambazo hazipatikani kwenye maduka ya kawaida ya vifaa, na skrubu moja iliyopotea inaweza kumlazimu kununua randa ya pili. Atazame urefu wa kisu kilichobaki mbele ya tundu lake, na nyuma ya kisu aangalie vishimo vya kutu karibu na makali; vikiwa virefu, kisu hicho kimekwisha, ingawa kisu kipya cha kukitia mahali pake hupatikana bila shida. Kutu laini ya unga kwenye wayo isimtishe hata kidogo. Akitaka kukisia umri, tundu la kifuniko lenye umbo la figo lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kigurudumu cha mpira mgumu mweusi au cha chuma badala ya shaba mara nyingi humaanisha miaka ya Vita Kuu ya Pili, shaba ilipokuwa ikihitajika vitani. Randa za miaka hiyo zinakata sawasawa na dada zake.

Mwenye kazi ya kukabidhi wiki hii asiinunue. Atafute randa mpya iliyotengenezwa vizuri, nazo zipo. Mwenye jioni kadhaa na kinoo kizuri namshauri aichukue hii bila kusita, na aanze na kisu kabla ya kugusa kingine chochote. Mwili wake, pamoja na kutu yake, umeshasubiri miaka mia na unaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi.